Embe la Tabora lisiishie jalalani wakati chai na barafu vipo

Kila mvua za kwanza zinapokaribia, mji wa Tabora hujaa maembe. Baiskeli na mikokoteni huingia alfajiri kutoka vijiji vya Uyui na kata za pembezoni mwa manispaa, na kufikia saa nne asubuhi kila genge lina lundo lake. Asubuhi muuzaji ndiye anayetaja bei. Mchana mnunuzi ndiye anayetaja. Jioni hakuna bei tena, na maembe yaliyoiva kupita kiasi humwagwa jalalani. Hatua chache kutoka hapo, mteja yuleyule aliyelikataa embe la shilingi 200 huingia dukani na kununua chupa ya kinywaji chenye picha ya embe, kwa bei ambayo ingemnunulia maembe kadhaa. Kinywaji hicho kimesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam.

Hali hii imezoeleka kiasi kwamba watu wengi huiona kuwa ni majaliwa ya msimu. Haipaswi kuonekana hivyo. Maembe hukosa bei kwa sababu huiva kwa pamoja, huoza haraka, na karibu yote huuzwa kwa namna moja tu, yaani mabichi au mabivu kama yalivyotoka mtini. Mkulima anapokuwa na bidhaa moja, mteja mmoja na siku mbili za kuuza, hawezi kupanga bei. Akiwa na namna ya pili ya kuuza, hata iwe ndogo, anapata nafasi ya kupumua.

Namna mojawapo ambayo haihitaji mashine wala mtaji mkubwa ni chai baridi ya matunda inayotengenezwa nyumbani. Ni chai ya kawaida, iliyochanganywa na rojo la embe, ukwaju au tunda la porini, ikatiwa utamu kwa sukari au asali, kisha ikanywewa ikiwa baridi. Kwa mji ambao mwezi wa Oktoba jua lake huunguza na wasafiri wa treni na mabasi hawakatiki, ni ajabu kwamba kinywaji hiki bado ni kigeni.

Historia ya magharibi mwa Tanzania ina funzo katika jambo hili. Katika karne ya 19, Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walifika hapo mwezi Novemba mwaka 1857, na Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1872. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na walipitishwa binadamu waliofanywa bidhaa, na uchungu wake haujasahaulika. Miembe ya zamani inayoonekana hadi leo Kwihara, Ujiji na sehemu nyingine za njia hiyo ni miongoni mwa alama zilizobaki. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya maeneo inayopendekeza yawe urithi wa dunia, ikivitaja vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Mali nyingi iliyopita katika njia hiyo ilikwenda pwani ikiwa ghafi, na thamani yake ikaongezwa ng'ambo. Lakini ilikuwapo biashara nyingine ambayo haisimuliwi sana. Huko Uvinza, kati ya Tabora na Kigoma, watu walikusanyika kila kiangazi, wakachota maji ya chumvi katika chemchemi na kuyachemsha kwa vyungu na kuni hadi chumvi ikabaki. Chumvi hiyo iliuzwa katika nchi nzima ya magharibi, ikabadilishwa kwa majembe, nafaka na nguo. Maji ya chemchemi hayabebeki mbali, lakini chumvi hubebeka. Chungu, moto na saa chache za kazi ndivyo vilivyoyageuza maji hayo kuwa mali ya sokoni. Embe la leo linahitaji akili hiyo hiyo.

Malighafi nyingine nazo hazipatikani mbali. Asali ya miombo ya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui inasifika nchi nzima. Ukwaju huvunwa wakati wa kiangazi na huhifadhika kwa miezi mingi bila friji. Yapo matunda ya porini kama furu, ambayo Wanyamwezi huyaita ntalali, pamoja na matundwa na matonga, ambayo kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, kilicho karibu na mji, kiliyafanyia kazi kwa miaka mingi kwa kushirikiana na wataalamu wa kilimo mseto wa ICRAF. Chai yenyewe hulimwa hapa hapa nchini, Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, Muheza na Bukoba. Nayo ina kilio kama cha embe, kwani sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa kwenye magunia makubwa bila jina la Tanzania kwa mnywaji wa mwisho. Kwa miaka mingi ilipelekwa mnadani Mombasa, hadi Dar es Salaam ilipoanza mnada wake mwaka 2023. Glasi ya chai ya embe inayouzwa stendi ya Tabora humpa soko mkulima wa Tabora na wa Rungwe kwa pamoja.

Utengenezaji wake si mgumu, ila una kanuni zake. Kwa lita 5 za kinywaji, yanahitajika majani ya chai gramu 40, yaani vijiko 6 hivi vya chakula, maembe 8 ya ukubwa wa kati yanayotoa takriban kilo moja ya nyama baada ya kumenywa, sukari gramu 350, ndimu 3, na lita 4 za maji yaliyochemshwa. Lita 2 za maji huchemshwa hadi kutokota, kisha sufuria huipuliwa na ndipo majani hutiwa na kufunikwa kwa dakika 5. Wengi wamezoea kuyaacha majani yachemke motoni pamoja na maziwa, na kwa chai ya moto hakuna ubaya. Chai inayokusudiwa kunywewa baridi ikichemshwa namna hiyo hutoa uchungu unaokwaruza ulimi, na uchungu huo hauondoki hata sukari ikiongezwa. Baada ya dakika 5 chai huchujwa, sukari hukorogwa ingali moto, kisha huongezwa lita 2 za maji yaliyochemshwa na kupozwa ndani ya chombo chenye kifuniko.

Maembe nayo huoshwa kabla ya kumenywa, yakapondwa au kusagwa na kupitishwa kwenye chujio ili nyuzi zibaki. Rojo hilo huwekwa kwenye moto mdogo na kukorogwa kwa dakika 5 baada ya kuanza kutoa mapovu. Hatua hii huua vijidudu vingi vinavyochachusha juisi mapema, na ndiyo inayorukwa zaidi na wauzaji wenye haraka. Rojo likipoa huchanganywa na chai, kisha hukamuliwa ndimu. Kinywaji kisikae nje zaidi ya saa mbili kabla ya kuwekwa kwenye baridi. Kikiwa kwenye friji hufaa kwa siku ya leo na kesho tu. Anayetumia asali aitie chai ikiwa vuguvugu, maana moto mkali huondoa harufu yake nzuri, na harufu hiyo ndiyo inayolipiwa.

Kwa ukwaju, robo kilo iliyoondolewa maganda huloweka katika maji ya moto, hukamuliwa, huchujwa na kuchemshwa kidogo, kisha hushika nafasi ya embe na ndimu. Ukwaju na ndimu havichanganywi na maziwa, kwa kuwa uchachu wake huyakatisha. Embe lililoiva sana linafaa kwa kinywaji hiki kuliko lile gumu, lakini lililotobolewa na inzi wa matunda na kuingia funza halifai kabisa. Asidhani mtu kwamba blenda huficha kila kitu.

Jambo zito zaidi katika biashara hii ni maji na barafu. Msimu wa maembe huanza pamoja na mvua, na mvua ndizo hubeba uchafu wa vyoo kuingia visimani. Kugandisha maji si kuyachemsha, na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kubaki hai ndani ya barafu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2015 na kuenea katika mikoa mingi ulionyesha jinsi biashara ndogo za vyakula na vinywaji zinavyoathirika. Mahali pengi wauzaji wa juisi na matunda yaliyokatwa walizuiwa kuuza, wasafi na wachafu kwa pamoja. Muuzaji mmoja anayetia barafu ya maji ya kisima kwenye ndoo yake anahatarisha afya za wateja wake na riziki ya wenzake wote wa mtaa huo.

Suluhisho lake ni rahisi. Barafu ya kununua, ambayo haijulikani imetokana na maji gani, isitiwe ndani ya kinywaji. Ikae nje. Chupa au dumu safi lenye kifuniko liwekwe ndani ya deli na barafu ilizunguke, kinywaji kitapoa bila kugusana nayo. Barafu ya kutia kwenye glasi itengenezwe nyumbani kwa maji yaliyochemshwa. Pasipo na umeme, mtungi wa udongo uliofunikwa na kuwekwa kivulini, au chupa zilizofungwa kitambaa chenye maji mahali penye upepo, hupunguza joto la kinywaji kwa kiasi cha kuridhisha. Kitumike siku hiyo hiyo. Chupa zilizookotwa zisitumike kamwe, hata zikioshwa zikang'aa.

Kwa upande wa maji, hali ya Tabora imebadilika. Mji uliokuwa ukisifika kwa shida ya maji ulifikiwa na maji ya Ziwa Victoria, pamoja na Nzega na Igunga, kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2021. Maji ya bomba nayo yachemshwe kabla ya kutengenezea kinywaji cha kuuza, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko kuanzia kwenye kisima kisicho na mfuniko.

Baada ya usafi huja hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na biashara ya vinywaji hupotea bila habari kuliko nyingine, kwa sababu fedha zake huingia kidogo kidogo na kutoka kidogo kidogo. Ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo kila mmoja ataibadilisha kwa bei za soko lake. Kwa lita 5, majani ya chai ni shilingi 600, sukari 1,050, maembe 8 kwa bei ya 200 kila moja ni 1,600, ndimu 300, mkaa 700, maji na barafu 1,000, sabuni na uchakavu wa vyombo 500. Jumla ni shilingi 5,750. Lita 5 hutoa glasi 20 za robo lita, hivyo kila glasi imegharimu karibu shilingi 290. Ikiuzwa kwa shilingi 500, mauzo ni 10,000 na kinachobaki ni 4,250.

Hapo wengi hufurahi na kufunga daftari. Daftari lisifungwe bado. Glasi 6 zikibaki bila mnunuzi, mauzo hushuka hadi 7,000 na kinachobaki ni 1,250, kwa kazi ya karibu nusu siku. Msimu ukipita na embe likafika shilingi 500, gharama hupanda hadi 8,150, na hata glasi zote 20 zikinunuliwa hubaki 1,850 tu. Kwa hesabu hiyo mambo mawili yako wazi. La kwanza, faida ya biashara hii iko katika kutengeneza kiasi kinachouzika, wala haiko katika kujaza ndoo. Ni heri kuuza lita 5 zikaisha saa saba mchana kuliko kubaki na lita 5 kati ya 10 jioni. La pili, kinywaji kifuate msimu. Embe likiadimika ziingie zamu za ukwaju na matunda ya porini, badala ya kulazimisha embe la bei mbaya.

Wanawake wa Unyamwezi na Usukuma wanajua njia nyingine ya kuushinda msimu, kwani tangu zamani hukausha viazi vitamu wakapata michembe na matobolwa. Embe lililokatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani chini ya chandarua safi, mbali na vumbi na inzi, huweza kulowekwa kwa maji ya moto miezi ya baadaye na kutia ladha kwenye chai. Anayekausha wakati lundo limefurika hununua embe kwa bei ya chini na kuliuza kwa bei ya juu. Uhodari wa biashara ya mazao huanzia hapo.

Ni lazima pia kusema ukweli kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Chai ya matunda haitamaliza malundo ya maembe ya Tabora. Mama anayeuza lita 20 kwa siku hutumia maembe 32 tu. Hata hivyo maembe 8 yaliyokuwa na thamani ya shilingi 1,600 yamesaidia kuleta mauzo ya 10,000, na tofauti hiyo, baada ya kutoa gharama, hubaki ndani ya kaya. Kwa familia ambayo mwaka mzima hutegemea malipo ya tumbaku, ambayo huja mara moja na wakati mwingine huchelewa, fedha ya kila siku ya kununulia daftari la mtoto au dawa ina uzito wake. Mkulima wa tumbaku hahitaji kuambiwa aache tumbaku kesho. Anahitaji kupata mguu wa pili wa kusimamia.

Kipo kikwazo kingine ambacho hakimo kwenye hesabu, nacho ni mazoea. Kwa watu wengi chai baridi ni chai iliyosahauliwa mezani, na kumpa mgeni chai iliyopoa ni kumvunjia heshima. Hata Marekani, ambako leo sehemu kubwa ya chai hunywewa ikiwa baridi, kinywaji hiki kilichukua muda kuenea. Kilikuwa kikijulikana tangu karne ya 19, lakini sifa zake zilivuma baada ya Maonyesho ya Dunia ya St. Louis mwaka 1904, yaliyofanyika wakati wa joto, ambapo wageni waliipita chai ya moto na kukimbilia ya barafu. Watu wa Tabora nao hawatashawishiwa kwa maneno. Wapewe waonje. Muuzaji anayeanza asikiite chai iliyopoa, akiite kwa tunda lake, na aanzie pale watu wanapotafuta kitu cha baridi, kama vile stesheni, stendi, mikutano, harusi na futari za mwezi wa Ramadhani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Asisahau pia kwamba chai hupunguza mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula. Kwa wajawazito na watoto wadogo ni vyema kinywaji hiki kisiambatane na mlo, na kwa wenye kisukari sukari na asali zote zihesabiwe.

Mamlaka nazo zina wajibu wao. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, ipange mafunzo ya usindikaji wa matunda kabla ya msimu wa maembe, maana mafunzo ya Machi hayaliokoi embe la Novemba. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, baada ya kutolewa kwa iliyokuwa TFDA. Anayetaka kuweka kinywaji kwenye chupa yenye lebo na kukipeleka madukani hana budi kupita huko, na anastahili kuelezwa hatua zake kwa lugha anayoielewa. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inaweza kununulia kikundi cha wanawake friji moja na deli mbili. Kikundi kitakachoomba fedha hizo kiende na daftari la mauzo ya mwezi mmoja, lisilo na maneno matupu.

Halmashauri ya manispaa inaweza kuanza na kitu kimoja tu, yaani mahali pamoja karibu na soko penye maji safi ya bomba na barafu itokanayo na maji yaliyosafishwa, kwa bei ambayo muuza juisi ataimudu. Bwana afya afike hapo kufundisha mwezi wa Septemba, ili asilazimike kumwaga ndoo za watu mwezi wa Desemba. Kumwaga ndoo ya mama mmoja ni kumwaga mtaji wake wote, na mara nyingi kosa lake ni barafu ambayo hakuwa na pengine pa kuinunua.

Miembe ya Kwihara imezaa kwa zaidi ya karne, na kwa muda huo wote embe limeuzwa mtini, barabarani au halikuuzwa kabisa. Kungojea kiwanda kikubwa kije kulinunua ni kuendelea kuhesabu misimu inayopotea. Sufuria ipo jikoni, chai ipo dukani, asali ipo porini na maji yamefika. Kinachotakiwa msimu ujao ni mikono safi, maji yaliyochemka na daftari la senti mpaka senti. Anayeweza kuanza na lita 5 na aanze nazo, kwani haba na haba hujaza kibaba.